Githinji Anakuja Kuchagua Punda

Kwa Ng'ang'a, Kabiro,
Kawangware, Nairobi.
11 Julai 1976

Mpendwa kaka Mutunga,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi ya mwezi wa saba, ambayo mwaka huu imetuingia mpaka kwenye mifupa. Hujambo? Goti lako linaendeleaje, na mvua ya Taveta imewakumbuka? Sisi ni wazima. Katunge wangu amepona surua na sasa anakula kuliko baba yake. Naandika kwa Kiswahili ili wifi Filister akusomee bila kukwama, maana Kikamba chetu bado kinampiga chenga. Wifi, ukifika mahali pabaya usikunje uso, endelea tu kusoma.

Barua yako ya Pasaka niliipata. Umesema wale wana wawili ambao punda wetu Kifaru aliwaacha huko kabla hatujamleta Nairobi sasa ni madume kamili. Malaika ana msalaba mweusi ulionyooka mgongoni na masikio mazuri, lakini kifua ni chembamba, na ukimfunga mkokoteni anasimama kama mgeni aliyekosea nyumba. Kiazi ana kichwa kikubwa, sikio moja limeliwa na fisi, rangi yake ni majivu matupu, lakini miguu imenyooka na anapandisha mahindi kutoka mtoni bila kupigwa. Nilicheka peke yangu hapa nyumbani. Sasa sikiliza kwa nini.

Unajua Kifaru alikufa, lakini sikuwahi kukueleza yote. Kila nilipotaka kuandika hasira ilinishinda. Wakati ule tulipanga chumba kwa Githinji, na punda wetu alilala katika ua wake. Githinji naye alikuwa amenunua dume lake, Bwana Harusi, punda wa kupendeza kweli, shingo juu, anasuguliwa kwa brashi na kwato zinapakwa mafuta. Alitaka kila mwenye mkokoteni wa Kawangware alete jike lake kwake. Lakini watu walikuwa wanakuja kwa Kifaru wetu, na kichwa chake kile cha kutisha, kwa sababu walimwona akipanda na mapipa ya maji kutoka Mashimoni bila kupumzika.

Nikaja nyumbani kumzika mama. Wewe ulikuwepo, uliniona nilivyolia. Niliporudi nilimkuta Kifaru amehasiwa. Githinji alisimama mlangoni na koti lake refu, hata haya hana, akaniambia: "Mama Katunge, mimi nimekusaidia. Hiyo punda yako ni mbaya, wacha tu. Sasa atatulia, na hatatujazia Kawangware na hizo sura." Kidonda kikaoza, nzi wakamjaa, na mwezi haukuisha Kifaru akafa akiwa ameegemea ukuta. Kaka, nilitoka kaburini kwa mama nikaingia msiba mwingine. Tulihama wiki ileile. Tangu siku hiyo sijamsamehe, na mzee wa kanisa ameniambia nisamehe mpaka amechoka.

Unakumbuka baba alivyokuwa akichagua dume la kuzalisha? Alianza na miguu, akimtembeza mbele na nyuma na kumtazama kutoka kila upande. Miguu ikimridhisha, alimfunga mzigo msimu mzima kabla ya kumpa jike. Alisema macho ni shahidi mmoja na mlima ni shahidi wa pili, na kesi haikatwi kwa shahidi mmoja. Yule jike wetu mwenye nguvu za ajabu lakini miguu ya mbele imepinda, baba alikataa kumzalisha hata tulipomsihi. Alisema nguvu zake atakufa nazo, lakini miguu ile atawaachia watoto. Githinji hakuwa na baba wa namna hiyo, au alikuwa naye na hakumsikiliza.

Basi malipo ni hapa hapa duniani. Watoto wa Bwana Harusi sasa wamekua na wamefungwa mikokoteni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Magoti ya nyuma yanagongana wakitembea, kwato ni nyembamba, na ukiwatwika wanahema kabla ya kufika popote. Mwezi uliopita mmoja wao alilala chini na makaa ya Githinji mwenyewe kwenye mlima wa Sarang'ombe. Githinji akavua koti, akamvuta masikio, akamsukuma matakoni, akamwomba. Punda akamtazama tu. Akina mama wa sokoni wakaweka vikapu chini waangalie vizuri. Mimi nilikuwa napita na maji. Nilisimama, nikacheka mpaka nikashika ubavu, na nilihakikisha ameniona.

Sasa wenye mikokoteni wanamtukana waziwazi na kuuliza kama mbegu ya Kifaru ilibaki mahali. Mimi ndiye niliyesema kwenye kioski cha maji, kwa sauti, kwamba kaka yangu Taveta ana madume mawili ya Kifaru. Nilijua itamfikia. Haikupita siku nyingi, nikamwona Githinji mlangoni na sukari na majani ya chai.

"Mama Katunge, hayo mambo ya zamani tuwache," akasema. "Nipatie hao kwa brother yako. Nataka moja, nirudishe jina yangu."

Hakumtaja Kifaru. Nilingoja amtaje, kaka. Lau angesema neno moja tu la pole, labda mkono wangu ungekataa kuandika barua hii. Nikamkaribisha, nikampikia chai kwa sukari yake mwenyewe, nikamwelekeza mpaka kwenye lango lako. Atafika kwako kabla mwezi haujaisha.

Mpokee vizuri. Mchinjieni kuku. Usimwambie uongo wowote, maana sitaki dhambi hiyo iingie nyumbani kwako. Mwonyeshe madume yote mawili, wakiwa wamesimama pamoja. Akiuliza ni yupi anayevuta, mwambie ukweli. Akisema, "Wafunge mzigo niwaone wakipanda," basi mpe Kiazi, kwa moyo mweupe, na mimi nitajua kwamba amejifunza, nami nitamsamehe mbele ya kanisa zima. Lakini asipouliza, wewe usimjibu. Mwache atumie macho yake.

Hatauliza. Namjua.

Akishaondoka na Malaika wake, mpakie Kiazi kwenye lori la vitunguu umlete kwangu. Ng'ang'a, mwenye nyumba wetu wa sasa, amenipa nafasi nyuma ya nyumba, na majike wanamngoja. Njia yao inapita mbele ya lango la Githinji, na hakuna nyingine. Nataka kila asubuhi awaone wakipita, na jioni awaone wakirudi.

Wifi Filister, najua umeguna. Guna, lakini kumbuka ulimpa Kifaru mahindi kwa mkono wako siku ya harusi yako.

Nawe kaka, nisalimie watoto wote, mama mkwe wako, na jirani yenu Lusweti aliyetusaidia siku ya mazishi. Baba Katunge anawasalimu, na anasema mimi ni mtu wa kuogopwa. Mungu awalinde, aibariki mifugo yenu, na ayaangalie haya yote kwa jicho la huruma.

Ni mimi dada yako nikupendaye daima,

Nzembi

Nimesahau jambo moja. Asubuhi atakayofika, msugue Malaika kwa brashi na umpake mafuta kwenye kwato. Kiazi mwache na matope yake.