Matofali ya Uani

Kaka yangu Rauno,

Huku theluji imefika madirishani. Paka amezaa ndani ya sauna, na viazi vya stoo havijaganda. Matofali uliyotandaza uani kiangazi yalikuwa hayana hata mkwaruzo, mpaka juzi.

Umemuuliza jirani yetu Onni kwa simu ilikuwaje. Acha nikwambie mimi. Ulimwambia Baba, "Mzee, minyororo ya magurudumu ya trekta itanikwaruzia matofali. Ivue bwana!" Akaivua, minyororo ile ile inayozuia trekta kuteleza kwenye barafu. Nilipomfokea, akacheka: "Mwanangu kagharamika, Helvi. Nitaendesha polepole."

Alikuwa anateremka kilima cha nyumbani na trekta, ndoo ya mbele imejaa theluji. Magurudumu yakateleza kwenye barafu. Alizungusha usukani mpaka mwisho, lakini trekta likaenda moja kwa moja mtaroni, likamlalia.

Gari la maiti lilishindwa kupanda kuja kumchukua. Onni akanisaidia kulitoa trekta, nikaifunga minyororo mwenyewe, nikasafisha njia kuanzia mlangoni. Nilipita juu ya matofali yako yote, kwenda na kurudi.

Tunamzika mwisho wa mwezi. Ukija, usilete fundi wa kuyabadilisha.

Ni mimi dadako,
Helvi