Karatasi Haikuuliza Rika

Sekei, Arusha
18 Novemba 1913

Kaka yangu Shomari,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Zamda na mtoto, na kile kifua chako kiwe kimeizoea baridi ya Moshi. Mimi sijambo wa mwili. Usingizi ndio haba, na ndiyo maana nakuandikia kabla hujaijibu barua yangu ya mwezi uliopita.

Bwana Kranz, mwenye shamba hili la kahawa, amenifanya karani wa ghala na karani wa timu ya mpira pia. Tarehe 27 Januari, sikukuu ya kuzaliwa Kaisari, timu ya machimbo yenu ya mawe itakuja kucheza nasi. Mwaka huu mlitufunga sita bila. Tangu hapo wachezaji wetu saba, Wanyamwezi, wamemaliza siku za kadi zao za kazi wakarudi kwao. Nahodha wetu Lerionka anajenga timu upya kwa vijana wa Kiarusha wa hapa chini ya mlima. Wana mbio lakini mpira hawajaujua. Anayeujua ni mmoja tu, Lengai, mtoto wa mama Nashipae. Huyo akipata mpira hata wachuma kahawa huacha vikapu.

Juzi Bwana aliingia ghalani akagonga meza yangu kwa kiboko. "Karani, wageni wangu wakiniona nafungwa tena, hamsa ishirini zitakuwa zako." Viboko ishirini na vitano, kaka. Nimewaona watu wakipigwa hivyo. Hawakai chini wiki nzima.

Kisha akasema amesikia sifa za Nkasiogi, msimamizi mmoja wa machimbo yenu. Ni yule yule tuliyekuwa tukimtazama Tanga tulipokuwa shule, akiwapita mabaharia kama watu waliosimama! Nilifurahi mpaka niliposikia bei yake. Bwana wa machimbo anataka ng'ombe wanne wa kuvuta gari, na juu yao Lengai, miezi sita.

Jioni nikawaambia vijana uwanjani. Lerionka alitema mate pembeni.

"Tunapanda mti, wewe unataka kuleta gogo," akasema. "Wape hawa mwaka mmoja."

"Sina mwaka, Lerionka. Nina miezi miwili na mgongo mmoja."

Wakacheka. Yeye hakucheka. "Huyo Nkasiogi ni Mwarusha?"

"Ni wa kwenu kabisa. Aliondoka zamani kwenda pwani."

"Wa rika gani?"

Nikamjibu kwamba mpira hauna rika. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni.

Niambie, kaka, tumchukue au tusimchukue? Bwana anataka karatasi mwisho wa mwezi, na mwandishi wake ni mimi.

Mdogo wako,
Abasi


Moshi
29 Novemba 1913

Mdogo wangu Abasi,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila mtoto ameota meno mawili na nyumba nzima hailali. Kifua changu kinaendelea vizuri. Shemeji yako anakusalimu. Asema ule, maana barua zako zinaonekana zimeandikwa na mtu mwenye njaa.

Nkasiogi ninamwona kila siku. Miaka yake haipungui arobaini. Goti la kulia amelifunga kitambaa cha gunia, na asubuhi huliamsha kwa kulikanda kama unga. Kukimbia hakimbii tena. Lakini mpira unamjia wenyewe, na akishaupata, humnyang'anyi. Hivyo usinukuu maneno yangu kwamba amekwisha, wala kwamba angali yule wa Tanga. Kwa dakika ishirini angali yule. Zilizobaki ni za goti.

Sasa sikiliza upande wa pili. Lengai hatakuja hapa kucheza mpira. Bwana Mawe, ndivyo tunavyomwita mwenye machimbo, anataka mgongo wenye nguvu. Tunapasua mwamba kwa baruti, mawe ya madaraja ya reli. Mwezi huu tumezika mmoja.

Ushauri wangu ni huu: usiandike jina la kijana yule kabla hujamwambia yeye na mama yake. Ukiweza, chelewesha. Sema wino umekwisha. Bwana wako ana hasira, lakini barua zake zote zinapita mkononi mwako. Unayo nguvu kidogo, nawe unaiogopa kama ulivyokuwa ukiiogopa radi, ukijificha chini ya kitanda cha bibi.

Nijibu upesi.

Kaka yako,
Shomari


Sekei, Arusha
14 Desemba 1913

Kaka,

Shikamoo. Nawatakia afya, na meno ya mtoto yatoke kwa amani. Mimi ni mzima, ikiwa mtu wa namna yangu huitwa mzima.

Barua yako ilifika siku nne baada ya gari la ng'ombe kuondoka na Lengai.

Nilikwisha andika. Bwana alisimama nyuma ya kiti changu, nikasikia anavyopumua. Karatasi ina mistari mitatu: jina, kabila, kazi. Nikaijaza kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, kwa sababu nikiogopa huwa naandika polepole. Lengai aliambiwa anakwenda kucheza Moshi. Mimi ndiye niliyemwambia. Alicheka akauliza kama huko kuna maziwa.

Na tulichokipata kwa bei hiyo ni hiki.

Nkasiogi aliingia uwanjani siku ya kwanza saa kumi. Vijana wote kumi wakaacha mpira. Wakaenda mmoja mmoja, wakainamisha vichwa, naye akawagusa utosini. Nikadhani ni salamu, itakwisha. Mazoezi yakaanza. Nkasiogi akachukua mpira, na hakuna aliyemsogelea. Akaupeleka mpaka golini kwa mwendo wa mtu aendaye kisimani. Mlinda mlango akampisha!

"Mzuieni!" nikapiga kelele. "Lerionka, mwambie akupe!"

Lerionka akaja kando ya uwanja, jasho likimtiririka. "Nimwambie nini? Hao ndio waliowasha moto wa rika letu. Tulipofanywa morani, ni rika lake lililotusimamia. Akinilaani, nimekwisha. Siwezi kumpiga kikumbo. Siwezi kumpita mbele. Nimwite kwa jina, 'wee, toa mpira'? Wewe ungemwambia babu yako hivyo?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuuliza rika lake. Ukanijibu nini?"

Karatasi haina mstari wa rika, kaka. Nami sikuuongeza.

Nkasiogi mwenyewe ni mtu mpole. Aliwaambia wacheze tu, amewaruhusu. Wakaitikia kwa heshima, wakaendelea kukimbia nyuma yake kama ndama. Tumecheza na timu ya wapishi na watunza farasi wa mashamba ya jirani. Tumefungwa nne.

Jana mama Nashipae alikuja ghalani. Aliweka kibuyu cha maziwa mezani, juu ya daftari langu. Kisha akauliza, "Ni wewe uliyemwandika?"

Nikasema ni amri ya Bwana.

"Sikuuliza amri ya nani. Nimeuliza mkono wa nani."

Nikamwambia ni wangu. Akachukua kibuyu chake, akaondoka nacho.

Niambie Lengai yu hali gani. Nakuomba, usinifiche.

Mdogo wako,
Abasi


Moshi
28 Desemba 1913

Mdogo wangu,

Marahaba. Nyumbani ni salama. Sitarefusha salamu, najua unasoma mistari hii ukitafuta jina moja.

Lengai yu hai. Kipande cha jiwe kilimpasua bega la kushoto wiki iliyopita. Shemeji yako alimfunga kwa manjano na kitambaa safi, na siku ya pili akarudishwa kubeba. Hapa hajagusa mpira. Usiku analala banda la karibu na ghala langu, kwa hiyo namwona. Aliniuliza, "Ndugu yako anajua ni mawe?" Nikamwambia sasa unajua.

Nilimwendea Bwana Mawe nikamwomba amrudishe. Akasema mtu kwa mtu, hatoi bure. Tena akasema anachokikosa zaidi sasa ni karani wa baruti. Aliyekuwapo alikimbia baada ya yale mazishi. Kazi yake ni kusimama pale pale mwambani, kuhesabu kila utambi wa baruti uliowashwa na kila mlipuko uliosikika, ili watu wasirudi kabla zote hazijalipuka. Akikosea moja, watu wanarudi juu ya baruti ambayo haijalipuka.

Nakuandikia hili kwa sababu hukunificha lako. Sikuambii ufanye lolote. Nakujua wewe na radi.

Kaka yako,
Shomari


Sekei, Arusha
10 Januari 1914

Kaka Shomari,

Shikamoo, na salamu zangu kwa shemeji, na asante yangu kwa manjano yake. Mimi sijambo.

Nilimsomea Nkasiogi barua yako. Hakujua. Aliambiwa amenunuliwa kwa ng'ombe, na hilo halikumuudhi, alilicheka. Nilipofika kwenye jina la Lengai alinishika mkono.

"Soma tena. Nimebadilishwa na nani?"

Nikasoma.

"Yule ni mtoto wa moto wetu, wa rika tulilolisimamia," akasema. "Wameniweka mimi upande huu na mtoto wangu upande ule, kama magunia ya mizani?"

Kesho yake, Bwana akiwa amekuja kutazama mazoezi, Nkasiogi alikwenda katikati ya uwanja akaketi chini. Vijana wote wakaketi nyuma yake. Bwana akapiga kelele, akapunga kiboko, akasema atawachapa wote kumi na mmoja. Nkasiogi akamjibu kwa Kiswahili cha Tanga, taratibu kabisa, kwamba mtu aliyechapwa hachezi, na siku zimebaki kumi na saba.

Bwana akanigeukia mimi. "Karani! Wanataka nini?"

Nilikuwa na karatasi mfukoni tangu usiku wa barua yako. Mara tatu niliikunja niichome, mara tatu nikaikunjua. Nikaitoa. Mistari mitatu: jina, kabila, kazi. Nilikuwa nimeijaza kwa Kijerumani, kwa mwandiko wangu mzuri, na jina lilikuwa langu. Karani mmoja kwenda machimboni, miezi sita, Lengai kurudi.

Akaisoma. Akaniangalia toka viatu mpaka kofia, akacheka sana.

"Karani kwa mshambuliaji," akasema. "Bei rahisi." Akatia sahihi juu ya goti lake.

Naondoka na gari la keshokutwa. Usiijibu barua hii, huenda nikaipita njiani. Nimenunua pamba ya kuziba masikio, kisha nikakumbuka kwamba kazi yenyewe ni kusikia. Nimeiacha kwa mpishi.

Mdogo wako,
Abasi


Sekei, Arusha
28 Januari 1914

Mdogo wangu Abasi,

Salamu kutoka mezani pako. Maajabu, sivyo? Nimekuja na timu ya machimbo kama mtunza vifaa, nawe umebaki Moshi. Natumaini u mzima, umekula, na jana hesabu yako imetimia. Shemeji yako atakuwa amekuuliza kila jioni, nami nauliza kwa kalamu: imetimia?

Najua unataka habari za mchezo. Bwana Kranz aliamuru Nkasiogi aingie, akaingia. Ikawa kama ulivyoniandikia: vijana wako nyuma yake kama ndama. Sisi tukapata goli la kwanza, la pili, la tatu. Wageni wa Kizungu wakaanza kuangalia chakula.

Wakati wa mapumziko Nkasiogi akafungua kile kitambaa cha gunia, akamwambia Bwana goti limekufa. Ni uongo, nilimwona akitembea vizuri. Akachukua rungu lake akasimama kando ya mstari, na hapo, Abasi, ndipo ulipotakiwa kuwapo. Akaanza kuwafokea! "Lengai, wewe ni mwali? Lerionka, miguu hiyo umeiazima kwa nani? Kushoto, enyi vipofu, kushoto!" Mzee kufokea watoto ni haki yake, na watoto wakifokewa wanakimbia. Hakuna aliyempisha mtu tena. Lengai akatufunga mara mbili, bega lake bado limefungwa. Mpira wake wa mwisho uligonga mlingoti, nami, mtu wa Moshi, niliruka juu nikaaibika.

Tatu kwa mbili. Mmefungwa.

Bwana Kranz alikuja ghalani moja kwa moja, kiboko mkononi, uso kama pilipili. Akaita, "Karani yuko wapi?" Mpishi akamwambia, "Bwana, ulimbadilisha." Akageuka, akaenda kunywa na wageni wake.

Nkasiogi anabaki. Amesema hataingia tena uwanjani, ila hata kwa ng'ombe kumi hataondoka kando yake. Lerionka amekubali, na anasema nikuambie kwamba mti umeanza kushika. Sikukuu kama hii mwakani, asema, watatufunga. Nimemwambia tutaona. Miezi yako sita inaisha Julai, una muda wa kurudi ukatazame.

Nilipokuwa nafunga barua hii mama Nashipae ameingia. Ameniuliza kama mimi ndiye ndugu yako, akaweka kibuyu cha maziwa juu ya daftari. Amesema nisiyanywe njiani, ni yako. Nikamwambia sitakunywa. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mwambie nimesikia safari hii ameandika jina lake," akasema. "Na kibuyu akirudishe mwenyewe."

Kaka yako,
Shomari