Wifi, Nimemwambia Kaka Habari ya Maji

Wifi yangu Mwanahamisi,

Ungekuwapo ungeuliza kwanza kama mbaazi zinauzika. Zinauzika. Arobaini yako ilisomwa juzi hapa Mwabungo, watu wakala pilau wakaisifu, ingawa mimi niliona chumvi imezidi. Kibanda chetu cha mbaazi na mahamri nakifungua peke yangu sasa, na asubuhi nyingine nalia mbele ya wateja, mimi niliyekuwa nikikusema kwa machozi yako ya karibu.

Miaka saba ilikuwa imepita tangu upigwe mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi. Ulipona, tukasoma maulidi, tukaona yamekwisha. Kwa hiyo ulipoanza kuburuta mguu nilisema unadeka. Siku moja ndara ilikutoka njiani ukafika kibandani na moja, wala hukujua, nami nikakucheka hadi wateja wakacheka. Ganzi ikapanda mpaka magotini. Nikaamua ni baridi ya sakafuni, na baridi dawa yake kukandwa kwa maji moto. Nani angenikataza? Mimi ndiye mkandaji wa ukoo mzima.

Nilikuuliza, "Yamezidi moto?" Ukasema, "Ongeza, wifi, hayajafika." Nikaongeza. Nilipoinua kitambaa, ngozi ya unyayo ilikuja nacho.

Kule hospitali daktari aliuliza kama uliwahi kupigwa mionzi. Ukajibu ndiyo, zamani. Akatueleza taratibu kwamba mionzi iliyoua uvimbe ilidhuru pia mishipa ya fahamu inayotoka chini ya uti wa mgongo, na madhara hayo huweza kukaa miaka ndipo yajitokeze. Saratani haikuwa imerudi, ila miguu nayo isingerudi ilivyokuwa. Ukaniambia, "Basi sikuwa nadeka." Sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

Kaka yangu alipofika, ulimwambia mumeo huyo kwamba umejipindulia sufuria mwenyewe. Nikanyamaza. Kidonda kilipona, ukaishi miaka miwili kwenye kiti cha magurudumu hadi homa ya mapafu ilipokuchukua, na bado nilinyamaza. Kila alipokuita mzembe mbele za watu, mimi nilijitia kuosha vyombo. Hilo ndilo lililokuwa likinila, wifi, kuliko hata unyayo.

Siku ya arobaini, wageni walipoondoka, nilimfuata kaka uani nikamwambia yote. Hakushtuka. Akasema, "Alinambia ukweli siku ile ile. Akaniapisha nisikuulize mpaka useme mwenyewe. Hata kumwita mzembe alinituma yeye, ili majirani wasikutazame wewe."

Nikakaa chini pale pale uani. Miaka miwili, wifi! Miaka miwili ukinitazama nikiosha vyombo visivyo na uchafu.

Mteja wetu, Mama Saumu wa Galu, amemaliza mionzi yake majuzi. Nimemwambia: miguu ikiingia ganzi, hata baada ya miaka kumi, usinijie mimi na sufuria. Nenda kwa daktari, na neno la kwanza liwe mionzi. Nakuahidi nitamwambia kila mwanamke atakayepita kibandani, hata akinunua hamri moja tu.

Mola akulaze pema. Radhi niliyoogopa kukuomba, kumbe ulinipa ungali hai. Mimi ndiye niliyechelewa kuipokea.

Wifi yako,
Mwanaidi