Nimepita Makanisa Bila Kushuka

Kwa Baba yangu,

Natumaini mguu wako umepata nafuu na kwamba Mama amekubali kupumzika, ingawa hilo la pili silitarajii. Mimi ni mzima, joto la Doha halijaniyeyusha. Ningepiga simu, lakini ingekatika kabla sijamaliza kujisifu.

Baba, nimetoka kwenye chumba cha kufulia. Unajua nilivyolalamika: kukunja taulo za hoteli kutwa, hakuna dirisha, mkataba unakaribia kuisha na bosi hasemi kama utaongezwa. Basi ikatangazwa kwamba jimu ya wanawake inahitaji mwalimu wa baiskeli, na mfanyakazi yeyote wa kike anaweza kushindana. Nikauliza, hata wa dobi? Bosi, mama Mlebanoni asiyependa maneno mengi, akasema hata wa dobi.

Hizo baiskeli zenyewe utazicheka. Zimefungwa sakafuni. Mbele kuna televisheni, na ukinyonga, njia inakuja kwako. Njia yetu ilikuwa ya mashambani huko Ulaya: ngano, ng'ombe wanono, na kila ukienda kidogo unakuta kanisa la mawe la mamia ya miaka, makaburi yamelizunguka.

Tulibaki wawili, mimi na Joy, Mfilipino wa mapokezi, ambaye ana miguu ya chuma. Nilikuwa nimemwacha kidogo kanisa la kwanza lilipotokea, na miguu yangu ikasimama yenyewe. Si wewe uliyetufundisha kwamba ukifika penye makaburi unashuka, unasukuma baiskeli mpaka uyapite? Nilishuka kweli, Baba. Nimesimama hapo jimu, mikono kwenye usukani, naitazama televisheni kwa heshima. Joy huyoo, ameshapotea. Rafiki yangu Nakato, Mganda ninayekaa naye chumba kimoja Al Wakrah, akanipigia kelele: "Panda wewe! Hao marehemu hawakujui!"

Nikapanda. Hasira zilinishika, nikanyonga kama napeleka maziwa na mvua iko nyuma yangu. Penye mlima nikainuka kwenye kiti, vile ulivyonionyesha, nikamfikia Joy, nikampita. Makanisa yaliyofuata niliyainamishia kichwa tu, nikasema poleni kimoyomoyo, na miguu ikaendelea na kazi yake. Utanisamehe kwa hilo. Nilimaliza mwenzangu akiwa bado kwenye ngano.

Bosi akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia, "Kwa baba yangu. Ni fundi wa baiskeli."

Akasema, "Khalas," yaani basi, yamekwisha. "Jumapili unaanza."

Nililia mbele ya watu wote, wala sikuona haya. Mkataba umeongezwa. Joy mwenyewe alinikumbatia, ingawa kesho yake hakunisalimia vizuri.

Sasa nafundisha. Wengi ni mabibi wa hapa ambao hawajawahi kukalia baiskeli maishani. Jana mmoja aliogopa kuanguka, eti kwenye kitu kilichofungwa sakafuni! Nikamshikia kiti kwa nyuma mpaka akatulia, nikakukumbuka sana.

Nisalimie Mama, na mdogo wangu Wekesa, na Shangazi Nafula aliyenifungia chapati siku ya safari. Na Baba Mkubwa Wanjala, aliyekuja nyumbani na wazee wenzake kukuonya kwamba msichana anayepanda baiskeli ataharibika, msalimie kwa namna ya pekee. Mwambie nimeharibika kabisa, na wananilipa.

Ni mimi binti yako,
Mwalimu Nasimiyu