Ndiyo Yangu Mahakamani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila leo sikwenda kazini. Ukisoma hadi mwisho utajua kwa nini.

Dada ameniandikia kwamba ulisimama katika ibada ya dhehebu letu la Marafiki (Quakers) huko nyumbani, ukasimulia jinsi binti yako alivyokataa kuapa mahakamani. Ni kweli. Karani aliponinyooshea kitabu cha kuapia nilimwambia sisi Marafiki hatuapi, kwa kuwa ndiyo yetu ni ndiyo kila siku. Hakimu akaniruhusu niahidi tu kusema kweli. Nilivimba kichwa, Mama, unanijua.

Kesi ilikuwa ya Kicheko, mwenzangu hapa tunapofua mashuka ya hospitali. Mashine ya kupigia pasi ilimbana mkono, na tajiri akamfukuza akidai ameiondoa mwenyewe kinga inayozuia mikono. Niliulizwa kama namjua aliyeiondoa. Nikajibu simjui.

Jumapili iliyofuata tuliketi kimya kama ilivyo desturi yetu. Kicheko, ambaye si wa dhehebu letu, alikuja na bandeji yake kunishukuru kwa kufika mahakamani, akaketi kando yangu. Kimya kile, ambacho utotoni nilikuwa nikisinzia ndani yake mpaka unifinye, siku hiyo kilinikaba. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye benchi lile.

Mama, mimi ndiye niliyeiondoa kinga. Niliitoa nisafishe nyuzi zilizonasa, nikaitwa kupokea mashuka, nikasahau kuirudisha. Niliogopa kufukuzwa. Nilikataa kuapa kwa madaha, kisha nikadanganya. Nilisimama palepale ibadani nikayasema hayo mbele ya wote. Kicheko hakunitukana, aliniuliza tu kama hakimu naye atayasikia.

Ameyasikia leo. Karani, kwa mazoea, alininyooshea kitabu tena, na hakimu akamwambia akiweke chini, huyu haapi. Ameamuru Kicheko arudishwe kazini. Mimi tajiri amenisimamisha kazi, na sijui kwa muda gani. Tulipotoka, Kicheko alicheka kwa mara ya kwanza tangu aumie, akisema nilitetemeka kuishinda mashine yenyewe.

Basi Jumapili simama tena, Mama, uwasimulie na haya.

Wasalimie wote, na goti ulikande.

Ni mimi binti yako,
Kitinda mimba