Buibui wa Ligege

Nzhelele, 15 Februari 1998

Mwanangu Konanani,

Hujambo huko Pretoria? Huku tunaamka, ila magoti yangu yamegoma kabisa tangu mvua zianze. Dada yako Tendani na wanawe wazima. Kaka yako Rudzani ameandika kutoka mgodini, anasema anakula vizuri, sijui kama ni kweli.

Kile kitabu ulichotuma, chenye picha ya buibui uliyempa jina la baba yako, kimezunguka kijiji kizima mpaka pembe za kurasa zimejikunja kama masikio. Nimemwambia kila mtu kwamba sasa yupo mdudu duniani anayeitwa Ligege, na hata Wajerumani wakimtaja watamwita hivyo hivyo. Mchungaji aliuliza kwa nini umeandika ligegei, hiyo i ya mwisho inatafuta nini. Nikamjibu kama ulivyonieleza, kwamba ndiyo alama ya mwanamume. Akacheka, akasema basi na yeye anaitaka ya kwake.

Sasa sikiliza. Jiwe la kaburi tumeshaagiza. Tutalifunua Jumamosi ya tarehe 26 Septemba, wajomba wamekubali na ng'ombe yupo. Chini ya jina la baba yako fundi atachonga jina la buibui, herufi kwa herufi kama lilivyo kitabuni. Mtu aliyefukuzwa kwenye shamba la Brinkman na sufuria mbili na blanketi, leo ana jina ambalo hakuna awezaye kumnyang'anya. Mwenzio hata sioni njaa siku hizi.

Niandikie upesi.

Mama yako


Pretoria, 3 Mei 1998

Mama mpendwa,

Nalala chini kukuamkia kama vile niko hapo uani. Pole na magoti. Mimi mzima wa mwili. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikiandika nachana.

Mama, jiwe lisichongwe kwanza.

Unamkumbuka yule profesa aliyekuja shambani mwaka 1961, akalala nyumba kubwa, na baba akawa anamtafutia buibui vichakani? Profesa alimpa buibui mmoja jina la mwenyeji wake, Madamu Brinkman. Aliandika brinkmanae, na hiyo ae ni alama ya mwanamke. Alikuwa na jike tu, mnene, wa kahawia. Buibui wa baba ni dume, mweusi, uso mwekundu, na miguu ya mbele ina manyoya meupe. Ukiwaweka pamoja huwezi kudhani wana undugu wowote. Mimi niliyesomea kazi hii sikudhani.

Mwezi Machi nilipanda milimani. Nikageuza mwavuli chini ya kichaka, nikapiga matawi kwa fimbo kama baba alivyonifundisha. Wakaanguka wawili, dume wa baba na jike wa Madamu. Nikawaweka kwenye chupa moja. Dume akainua miguu akaanza kumchezea, jike akatulia, na wakakutana kama mume na mke mbele ya macho yangu. Tangu hapo nimewajaribu wengine, na mambo ni yale yale.

Ni buibui mmoja, Mama. Tulimpa majina mawili kwa sababu mke na mume hawafanani. Na kanuni ya kazi yetu ni kwamba mnyama mmoja ana jina moja, na linalobaki ni lile lililochapishwa kwanza. La Madamu ni la 1961, la baba ni la mwaka jana. La baba linaanguka.

Sijamwambia mtu mwingine.

Binti yako, Konanani


Nzhelele, 24 Mei 1998

Mwanangu Konanani,

Salamu zako nimezipata. Wote wazima, magoti usiyaulize.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya nne nikampa Tendani anisomee, labda macho yangu yananidanganya. Kwa hiyo baba yako sasa ni mume wa Madamu Brinkman? Mimi nimelala naye miaka thelathini na minane, nikamzalia, nikamzika, halafu wewe unakwenda kumwozesha kwa mwanamke niliyemfulia chupi! Na huko kwenu mume ndiye anayechukua jina la mke? Tangu lini?

Ngoja nikuambie jambo ambalo baba yako hakupenda kulisema. Madamu alikuwa anaogopa buibui. Akimwona mmoja ukutani anapiga kelele mpaka kuku wanatawanyika. Yule jike alikamatwa na baba yako, kule mtoni, na siku hiyo hiyo akatukanwa kwa kuuchafua mwavuli wa watu. Profesa akaichukua chupa, Madamu akammiminia chai, na jina likaishia kwenye chai.

Jiwe limeshachongwa. Barua yako ilikuta fundi amemaliza.

Sikuombi useme uongo. Nakuomba unyamaze miezi minne. Nje ya nyumba hii anayejua ni wewe na Mungu, na Mungu si mbea. Acha jiwe lifunuliwe, watu wale, wajomba walie kidogo, na tarehe ishirini na saba uandike utakavyo. Sitakuuliza kitu. Niahidi tu.

Mama yako


Pretoria, 14 Juni 1998

Mama mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote. Baridi imeingia, lakini afya ninayo.

Baada ya kusoma barua yako niliteremka stoo ya kazini, kunakowekwa chupa za buibui wa zamani. Nikamtoa yule jike wa 1961. Ndani ya chupa mna vikaratasi viwili. Cha juu kimepigwa taipu: amekamatwa na Bibi Brinkman. Nyuma yake kimekunjwa kingine cha penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti ya kuhifadhia lakini penseli hukaa. Kimeandikwa: mtoni, kichakani, asubuhi, Ligege. Ni mwandiko wake, Mama, zile g zenye mkia mrefu. Nililia mbele ya wenzangu, nikasingizia spiriti imeniingia machoni.

Nimeuliza kwa kuzunguka kama jina linaweza kubadilishwa ikijulikana kuwa aliyepewa hakustahili. Haiwezekani. Kanuni haina habari na nani alistahili, inaangalia tarehe tu.

Ahadi unayo. Kabla ya tarehe 27 Septemba siandiki neno.

Binti yako, Konanani


Pretoria, 8 Septemba 1998

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na magoti yamepata nafuu kwa huu ukame. Mimi sijambo, ila usingizi ndio haba.

Kuna Mbelgiji mmoja, mtu wa buibui kama mimi, alikuja milimani kwetu mwezi Julai, naye akawapata dume na jike pamoja. Nikasikia anaandika. Angetangulia yeye, dunia nzima ingesoma kwamba Konanani Ligege alikurupuka kumpa baba yake jina, mpaka mzungu akaja kumsahihisha. Humu kazini mtu wa kabila letu, Mvenda, ni mimi peke yangu, Mama. Wangesema nilijua nikaficha kwa sababu ni baba yangu. Hujui wanavyoningoja nikosee.

Maandishi yangu niliyapeleka mwanzoni mwa Agosti, na yameshachapishwa. Jina la baba nimeliangusha mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, si mkono wa mtu mwingine. Mwishoni nimeeleza kwamba jike wa kwanza alikamatwa na Ligege. Ni mistari miwili tu, lakini imo, na haitafutika.

Nakala moja huwa wanampelekea mwalimu Thinandavha aliyenisomesha. Nilitaka uyasikie kwangu kabla hajaja kwako. Najua nilikuahidi. Naomba unielewe, na kama huwezi kunielewa, basi unisamehe.

Nitakuja tarehe 25 kusaidia jikoni. Niambie nilete nini.

Binti yako, Konanani


Nzhelele, 4 Oktoba 1998

Konanani,

Jiwe limefunuliwa. Watu wamekula wakashiba. Mtoto wa Brinkman alikuja bila kualikwa, kofia mkononi, akasema mwalimu amemwonyesha yale maandishi na kwamba sasa sisi na wao ni familia moja. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini mbele ya wageni.

Tendani alikupigia simu kwamba usije, nawe hukuja. Hilo ulitii.

Mistari yako miwili mwalimu alinisomea. Imeandikwa kwa herufi ndogo kuliko zile za nyuma ya pakiti ya chumvi. Ilibidi avae miwani ya mkewe.

Simlaumu huyo Mbelgiji, hajaniahidi kitu. Wewe uliahidi, tena kwa mwandiko wako, na barua ninayo. Mlishindana nani awe wa kwanza kumfuta baba yako, ukashinda. Hongera. Nimeumia, Konanani, na sitaki kukuficha. Nimeumia kuliko siku ile lori la Brinkman lilipotushusha barabarani, kwa sababu yule hakutoka tumboni mwangu.

Siku mbili kabla ya shughuli fundi alikuja na patasi. Naye alikuwa amesikia. Akaniuliza polepole kama aufute ule mstari wa buibui kabla watu hawajauona. Nikamwambia auache, kama ni uongo basi ni uongo wetu. Chini yake tulikuwa tumechonga majina ya watoto wa marehemu, matatu, kwa jinsi mlivyozaliwa. Nikamwonyesha la kufuta. Fundi hakutaka, akasema mtoto ni mtoto. Nikasimama pale kwa magoti haya haya mpaka akamaliza. Sasa yamebaki mawili.

Nyamuofhe, mjane wa Ligege