Mama Anaoka Kila Alhamisi

Sohag, 20 Aprili 1986

Kwa baba yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Naubusu mkono wako na wa Mama. Mimi mzima, na shangazi Ruqayya mzima, anakusalimu. Televisheni ameifunika shuka tangu nilipofika, ili nisome, na mumewe siku hizi anatazama mpira kwa majirani huku akinilaani kimoyomoyo.

Sasa Baba, usicheke. Nyakati za vitenzi vya Kiingereza nazijua zote isipokuwa mmoja, ule wa jambo lililoanza zamani na bado linaendelea. Mwalimu wa hapa anatukaririsha kanuni tu. Nimeikariri, lakini akinigeuzia sentensi nabaki nimekodoa macho. Kwetu sisi jambo ama limepita ama lipo. Hawa Waingereza wanataka nini zaidi? Na nisipofaulu Kiingereza, chuo cha ualimu nitakisikia redioni, na ami Shaban atakuja tena na posa ya mwanawe.

Kikohozi cha Mama vipi? Mkate wake wa jua, ule anaouumua juani, ulinifikia ungali laini. Mwambie niliubusu kabla ya kuula.

Binti yako,
Awatif

Naj' as-Sawaqi, 27 Aprili

Binti yangu Awatif,

Wa alaikum salaam. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Barua yako imenikuta nasahihisha madaftari ya watoto wasiotofautisha jana na kesho, kwa hiyo usijione uko peke yako.

Sahau kanuni, mtazame mama yako. Mama anaoka kila Alhamisi: hiyo ni kawaida yake. Mama anaoka sasa hivi: moshi unauona, usimsumbue. Mama alioka juzi: tumekula, imekwisha. Mama ameoka: mikate ipo mezani, ina moto. Na huo unaokutoa jasho? Ifikirie ile chachu iliyo kwenye chungu, aliyopewa na mama yake siku ya harusi yetu. Kila akioka anabakiza kidogo, na kila siku anailisha unga. Amekuwa akiilisha tangu kabla hujazaliwa, na leo asubuhi ameilisha tena. Jambo lilianza zamani na halijakatika. Huo ndio wakati wenyewe, na aliyeubuni bila shaka alioa mwokaji.

Kikohozi bado kipo. Hapa namsikia anapiga kelele toka jikoni, eti nikuandikie kwamba hukanyagi huku mpaka uweke kalamu chini siku ya mwisho, hata nyumba ikiungua. Nimeandika kama alivyosema.

Baba yako

Sohag, 18 Mei

Kwa baba yangu mpenzi,

Assalamu alaikum, na Ramadhani njema kwenu. Mwili wangu mzima, ila roho iko juu. Tangu mwezi uandame mkate wa Mama haujanijia. Nilimfuata kituoni dereva Abdelzahir, anayeniletea mkate huo, nikamwuliza. Akasema, "Wewe soma tu, bibie, nyumbani kwenu shwari," kisha akaanza kufuta kioo cha gari ambacho kilikuwa kisafi.

Shangazi alikuja huko, akaniambia anakwenda kumpongeza bibi harusi. Ni nani huyo anayeoa mwezi wa Ramadhani? Amerudi vidole vyeusi mpaka kwenye kucha. Anasema ni masizi ya sufuria. Masizi hutoka kwa sabuni, Baba, na yeye anasugua mpaka leo.

Naomba uniambie Mama yuko vipi. Usinizungushe. Kama jibu halijafika Ijumaa napanda basi nakuja, na mtihani nausamehe.

Binti yako,
Awatif

Naj' as-Sawaqi, 20 Mei

Binti yangu Awatif,

Wa alaikum salaam. Natumaini funga haikuchoshi.

Ijumaa hupandi basi lolote. Nimeshamwambia Abdelzahir, ukikanyaga gari lake akurudishe kwa shangazi yako kwa mkono wake mwenyewe. Ukiukosa mtihani huu, ami yako Shaban hatakupa mwaka mwingine, na mimi sitakuwa na la kumjibu.

Mama yako tulimpeleka Asyut kwa daktari. Wapo watu wa kumwangalia. Hana maumivu. Wageni na kelele vimekatazwa.

Turudi kazini. Mbuzi wa jirani yetu Fathalla anakula kamba. Mbuzi alikula kamba jana. Mbuzi amekula kamba, ndiyo maana hayupo. Mbuzi amekuwa akila kamba tangu mwezi wa Shaabani, na hakuna anayemzuia. Nitungie kumi za namna hiyo.

Baba yako

Sohag, 11 Juni

Kwa Baba,

Assalamu alaikum. Mimi mzima. Idi ilipita salama.

Biskuti za Idi nimezipata, zile za kwenye boksi la duka lenye utepe. Nimewagawia watoto wa Shangazi. Sina swali lolote kuhusu nyumbani.

Nisahihishie hizi. Treni ilikuwa imeondoka nilipofika kituoni. Nilibisha, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Kabla mwezi haujaisha nitakuwa nimemaliza mtihani. Mbuzi wa Fathalla nimemwacha, amenichosha.

Awatif

Naj' as-Sawaqi, 14 Juni

Binti yangu Awatif,

Wa alaikum salaam. Sentensi zako zote sahihi, sikupata pa kuweka kalamu nyekundu. Nilizisoma nikazirudia, kisha nikatoka nje kidogo.

Ulisahau kuandika "binti yako" pale chini. Nadhani ni haraka ya masomo.

Kula vizuri na ulale mapema. Siku utakayoweka kalamu chini, uliza lolote unalotaka nami nitalijibu. Hilo nakuapia.

Baba yako

Sohag, 30 Juni

Kwa baba yangu,

Assalamu alaikum. Kalamu nimeiweka chini leo. Sina haja ya kuuliza.

Ni lile boksi la duka. Biskuti za Idi tumekosa kuoka mwaka mmoja tu, mwaka aliokufa Bibi. Mama aliniambia siku ile kwamba nyumba yenye msiba haichanganyi samli na sukari. Wewe hukulikumbuka, maana hayo ni mambo ya jikoni. Nikafungua kabati la Shangazi, nikalikuta gauni lake la maua limetiwa rangi nyeusi. Alikuwa akilivaa akishatoka mlangoni, na kulivua kabla ya kuingia.

Najua ndiyo desturi yetu, mtoto wa mtihani haambiwi habari mbaya. Binti wa Fathalla alifichwa talaka ya dada yake mpaka matokeo. Lakini huyu alikuwa mama yangu, Baba. Kijiji kizima mmekula njama mkaninyima kumwosha. Nina hasira na wewe na sitajifanya sina.

Siku ya Idi nilifunga begi. Nikakumbuka alivyosema, hata nyumba ikiungua. Nikalifungua tena nikatoa vitabu.

Kwenye insha ya Kiingereza walisema tumweleze mtu wa nyumbani na kazi zake. Nikaandika kwamba Mama anaoka kila Alhamisi. Nikaandika anakohoa kidogo, anapiga kelele toka jikoni, na amekuwa akiilisha chachu yake tangu kabla sijazaliwa. Vitenzi vyote viko sawa, hakuna wa kunikata alama. Nilipotoka nilikaa kwenye ngazi nikalia mpaka msimamizi akadhani nimefeli, akaniletea maji.

Nakuja Alhamisi. Nipokee wewe, sitaki mtu mwingine kituoni.

Binti yako,
Awatif

Naj' as-Sawaqi, 1 Julai

Binti yangu Awatif,

Wa alaikum salaam. Nampa Abdelzahir barua hii akufikishie leo. Anaogopa kukutazama usoni, usimseme.

Mama yako alifariki siku ya pili ya Ramadhani, adhuhuri. Alinishika mkono, hakuuachia mpaka nikaapa kwamba hutaambiwa. Ilikuwa nimwasi yeye au nikuonee wewe. Nimekuonea wewe. Kasirika, ni haki yako, nami nitakaa nisikilize.

Kuna jambo moja sikukuandikia. Matanga yalipokwisha wanawake walitaka kuimwaga chachu, wakasema nyumba haina mwokaji tena. Niliwatoa jikoni kwa maneno ambayo bado nawaomba radhi. Mimi sijui kuoka, najua tu kumwiga: kiganja cha unga, maji ya vuguvugu, kitambaa juu. Ina harufu kali kidogo, huenda nimekosea kipimo, lakini inaumuka.

Nimekuwa nikiilisha tangu siku hiyo, na leo asubuhi nimeilisha tena. Nitakuwa kituoni, peke yangu.

Baba yako